Magunia ya Kwenda Moshi

Pasipoti ilikuwa magunia manane. Sanduku, nguo za mitumba na sweta moja zito kwa sababu tuliambiwa Moshi kuna baridi (wapi, Moshi mjini ni jua kama Makindu tu), magunia matatu. Nauli na pesa kidogo za mfukoni, manne. Ufadhili ulilipa karo, malazi na chakula, na kwa hilo nitashukuru hadi nizeeke. Lakini ufadhili hauji Makindu kukuchukua. Kile kipande cha kutoka mlangoni kwenu hadi geti la shule mnajipanga wenyewe. Sisi tulijipanga kwa makaa.

Kama umewahi kupanda basi la Mombasa, umeyaona yale magunia yaliyosimama kando ya barabara kuanzia huku kwetu ukishuka hadi Mtito Andei, yamejazwa hadi yakavimba kichwani, juu yamefungwa kwa vijiti na kamba. Pengine hukuona mtu. Mwenye mali hukaa chini ya mti, mbali kidogo, akingoja gari lipunguze mwendo. Mmoja wao ni mama yangu. Wakamba tunamwita mama "mwaitu", na sidhani nitaweza kumwita kwa jina lingine hapa.

Makindu watu wengi huijua kwa hekalu la Masingasinga, lile lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri yeyote hula bure na hakuna anayemuuliza dini yake. Sisi watoto wa hapa tulikula pale Jumapili nyingi tu, tukitoka kanisani, bila kuona ajabu yoyote. Wasichokijua wapita njia ni kwamba alfajiri, kabla jua halijaanza kazi yake, ukisimama mahali palipo wazi ukatazama ng'ambo ya vilima vya Chyulu, unaiona Kilimanjaro. Inakaa pale nusu saa hivi, halafu mawingu yanaifunika. Nimekua nikiuona mlima huo kila wiki na sikuwahi kufikiria kwamba upande wa pili kuna watu wanaousoma darasani.

Nilifanya KCSE mwaka 2015. Mwalimu wangu wa bayolojia ndiye aliyeniletea fomu ya shule ya kimataifa huko Moshi, akaniambia nijaze tu, kwani nina nini cha kupoteza. Kulikuwa na mahojiano Nairobi, na nakumbuka zaidi viatu vya kuazima kuliko maswali. Nilipopata nafasi, mwaitu hakupiga vigelegele. Aliuliza, "Nauli ni ngapi?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akihesabu, kisha akachukua panga akaenda kutazama vichaka vya muthiia nyuma ya shamba.

Agosti 2016 alinisindikiza hadi Emali. Kutoka pale nilipanda matatu ya Loitokitok, nikavuka mpaka Tarakea, nikashuka na basi la Rombo hadi Moshi. Njia hiyo inauzunguka mlima, nao ulikuwa mkono wangu wa kulia safari nzima. Nilipofika nikausaka ule umbo niliouzoea nikaukosa. Upande wa Moshi mlima una sura nyingine kabisa. Ndipo nikajua nyumbani tumekuwa tukiutazama mgongo.

Wiki ya kwanza niliingia jikoni nikasema, "Nipe chai." Mama mpishi alinitazama kama nimemtukana. "Naomba, mwanangu. Huku tunaomba." Kiswahili changu cha stegi ya Makindu kilianza kurekebishwa siku hiyo, na hadi leo nikiomba kitu duka la Makindu wananiuliza kama nimeolewa Tanzania.

Wanafunzi walitoka kila mahali. Kulikuwa na watoto wa mabalozi, watoto wa wenye mahoteli ya Arusha, na sisi wa ufadhili, ambao mlijuana haraka kwa sababu likizo fupi zikifika nyinyi ndio mnaobaki bwenini. Tulisoma diploma ile ya kimataifa, IB, na mimi nilichukua somo la mazingira na jamii kwa sababu ratiba iliniruhusu. Sina hadithi nzuri zaidi ya hiyo. Nilitaka kuwa daktari, kama kila mtoto wa kijijini anayepata A ya bayolojia.

Kilichonibadilisha ni mchoro mmoja ubaoni. Mwalimu alikuwa anafundisha safari ya maji, na badala ya kutumia mto fulani wa Ulaya kama kitabu kilivyofanya, akachora Chyulu. Akachora ukungu ukigusa msitu wa juu, maji yakidondoka, yakizama kwenye mwamba wa volkano uliojaa vitundu kama sponji. Juu ya vilima hivyo huoni mto hata mmoja, akasema, kwa sababu kila tone linamezwa. Halafu akachora mishale ikitoka chini, kilomita nyingi kutoka pale. Mshale mmoja akauandika Mzima, chemchemi iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, ambayo imekuwa ikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Mshale mwingine, Umani, kule Kibwezi. Mwingine akauandika Makindu.

Nilikaa nikitazama lile neno. Nimechota maji pale tangu nikiwa na kibuyu cha lita tatu. Nimegombana pale na watu juu ya foleni. Hakuna siku niliyojiuliza yanatoka wapi. Maji yalikuwa yanatoka ardhini, basi. Na sasa mgeni, katika nchi nyingine, alikuwa ananionyesha kwamba yale maji ni mvua na ukungu vilivyomezwa na vile vilima ninavyoviona kila asubuhi, na kwamba mtu akikata msitu kule juu, anayekosa maji anaweza kuwa mtu wa Mombasa ambaye hajawahi kuusikia huo msitu. Mkono wangu ulienda juu wenyewe. "Mimi natoka hapo," nikasema. Darasa zima likageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kwamba nilijua kitu ambacho wao hawakukijua, hata kama nilikuwa nimekijua dakika mbili tu.

Baada ya hapo nikawa mwanafunzi wa mazingira kweli kweli. Tulipelekwa kwenye vihamba vya Wachagga, yale mashamba ya mteremkoni ambapo mgomba unakaa chini ya mti mrefu na kahawa inakaa chini ya mgomba, na mifereji ya zamani, mifongo, inapitisha maji katikati. Nilipiga picha kama mtalii. Nilijifunza kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Nikaanza kusema maneno kama "mfumo wa ikolojia" kwenye simu na nyumbani, na mwaitu akawa anajibu "haya" kwa ile sauti ya mtu anayesubiri umalize.

Halafu ikaja insha. Kila mwanafunzi wa IB huandika utafiti wake wa maneno yasiyozidi 4,000, mada unachagua mwenyewe. Nilichagua uchomaji makaa Makueni. Nani mwingine angeweza? Nilikuwa na uwanja, lugha na watu wa kuhoji. Siku nilipoeleza mada yangu mbele ya wenzangu, mmoja akauliza, bila ubaya wowote, kwa nini watu wakate miti mahali ambapo tayari ni pakavu. Wengine wakacheka kidogo. Nami nikacheka. Nikasema, "Ni kukosa elimu."

Nimeyarudia hayo maneno matatu kichwani mara nyingi. Ada ya elimu yangu ilikuwa imelipwa na wafadhili wa mbali, lakini sweta nililovaa nikiyasema lilikuwa sehemu ya magunia matatu.

Likizo ya Desemba 2017 nilirudi na daftari. Nilimwomba mwaitu anionyeshe anavyofanya, naye akanionyesha kila kitu, kwa fahari. Anavyokata na kuacha kisiki kikiwa urefu wa goti. Anavyoziacha kuni zikauke hadi ukizigonga zinalia. Anavyozipanga bila nafasi, akaziba kwa majani na udongo, akaacha matundu ya kupumulia. Moshi ukitoka mweupe mzito, ni maji yanatoka. Ukianza kuwa wa bluu na mwembamba, unaziba matundu haraka, la sivyo unaamkia majivu. Usiku analala palepale kando ya tanuri. Nilipiga picha yake moja nzuri sana, tanuri likifuka na jua likizama, na nikaiweka ukurasa wa saba. Chini yake nikaandika: tanuri la mchomaji mmoja, Makueni.

Insha ilipita vizuri. Mei 2018 nilimaliza mitihani, Juni nikafika nyumbani, na nyumbani hakukuwa na pesa. Januari ya mwaka huo gavana wa jirani zetu Kitui alikuwa amepiga marufuku biashara ya makaa, na Februari serikali ya kitaifa ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Muthiia wa mwaitu haukuwa msitu wa umma, ulikuwa shamba lake, lakini nenda ukamweleze hivyo askari wa kizuizini. Magari yaliyokuwa yakisimama yaliacha kusimama. Yaliyosimama yalitaka bei ya kutupa, yakienda kuuza Nairobi ambako makaa yalikuwa yamepanda. Magunia kumi na moja yalikuwa yamepangwa nyuma ya jiko, yamefunikwa turubai.

Jioni ya pili akaniambia nimsomee kazi yangu. "Ile ya makaa. Nisomee."

Niliichukua laptopu na kuanza kutafsiri, Kiingereza kwenda Kikamba, nikirukaruka. Hakuna maneno ya Kikamba ya nusu ya vitu nilivyokuwa nimeandika, na yale yaliyopo yalisikika vibaya. "Uharibifu" ukiuandika kwa Kiingereza ni hoja. Ukimwambia mama yako usoni, kwa lugha yenu, ni tusi. Nilifika ukurasa wa saba, akanishika mkono nisipite.

"Hilo si tanuri langu?"

"Ndiyo."

"Umeandika nini hapo chini?"

Nikamwambia. Nikamweleza kwamba katika utafiti hatutaji majina, tunalinda utambulisho wa anayehojiwa. Ni sheria nzuri, na bado naiamini.

"Unanilinda kutoka kwa nani?" akauliza.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira kuhusu sehemu zile nilizosema wachomaji hawajui athari za wanachofanya. Hazikumshughulisha. Kilichomuuma ni kwamba usiku wote ule alionionyesha kazi yake, mtoto wake alikuwa anaandika habari za mtu mmoja hivi, Makueni.

Halafu akaanza kunisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwamba tanuri la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa kwa kila kilo 100 za kuni, kama vitabu vinavyosema. Akauliza kuni mbichi au kavu. Sikuwa nimeandika. "Sasa hiyo si hesabu," akasema. Nilikuwa nimeandika "miti ya kiasili" kana kwamba ni mti mmoja. Akanipitisha: muthiia ukiukata juu ya goti unachipuka tena, na usipoukata unafunga malisho hadi mbuzi hapiti. Mulaa hakati, ni kivuli na maganda yake ni chakula cha mbuzi. Mukau hata usimtajie. Baba yake angefufuka. Wanaomaliza mukau ni wale wanaokuja na lori usiku na msumeno wa injini, na hao hawalali kando ya tanuri kuhojiwa na wanafunzi. Hao hawakuwa kwenye insha yangu hata mara moja.

Mwishoni akacheka, kicheko kile cha kuchoka. "Kwani hii barua uliituma kwa serikali? Mbona wametufungia mwezi uleule?"

Kule Moshi nilikuwa na picha ya Wangari Maathai juu ya kitanda changu. Nilipenda ile sehemu ya maisha yake ya Marekani: msichana wa Nyeri anaondoka mwaka 1960, anasoma biolojia chuoni Kansas, anaenda Pittsburgh, anaona watu wa jiji la viwanda wakipigania hewa safi, anarudi na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari, mwaka 1971. Ilionekana kama ramani yangu. Unaenda, unawashwa taa, unairudisha nyumbani. Baada ya usiku ule niliisoma tena habari yake, polepole, na nikaona sehemu niliyokuwa nikiiruka. Shahada zote alikuwa nazo tayari alipokaa na wanawake wa mashambani kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, akawasikia wakisema hawana kuni, maji yako mbali, watoto hawali vizuri. Jibu la kupanda miti lilitoka kwenye malalamiko hayo. Juni 1977 walipanda miche saba Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo Vuguvugu la Green Belt lilipoanzia.

Miaka yangu iliyofuata nitaipitisha haraka. Chuo kimoja Marekani kilinikubali kikaniachia salio la ada ambalo hata msitu mzima wa Chyulu usingelilipa. Wenzangu wa Moshi walipanda ndege; mimi nilipanda matatu hadi Kwa Vonza, Kitui, nikasomea uhifadhi wa mazingira katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Nilikuwa na uchungu mwaka mzima wa kwanza, siwezi kudanganya. Uchungu uliisha muhula wa mukau.

Mukau ni mti wa kwetu, wa ukame, mbao zake zinalinganishwa na mahogani, na majani yake yanaliwa na mbuzi wakati kila kitu kingine kimekauka. Tatizo lake ni kuota. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa ngumu kama jiwe. Ukiipanda hivyo utasubiri hadi urithi ugawanywe. Watafiti wa KEFRI pale Kitui, wakishirikiana na Wajapani, wamefanya kazi ya miaka mingi kuchagua miti mama iliyo bora na kuanzisha mashamba ya mbegu Tiva na Kibwezi. Unapasua kokwa kwa kisu juu ya kigogo, unatoa mbegu bila kuijeruhi, unaikata ncha kidogo, unailoweka, unapasua ganda lake kwa wembe, kisha unaizika kwenye mchanga. Kila hatua inaweza kuiua. Darasa letu liliua nyingi.

Nilipoenda nyumbani nikamweleza mwaitu kwa msisimko. Akaniambia yeye na susu, nyanya yangu, walikuwa wanaokota kokwa kwenye zizi, zile ambazo mbuzi wamekula tunda na kutema. Zizini ndiko mukau ulikoota. Nilikuwa nimepita karibu na miche hiyo utoto wangu wote nikienda kukamua. Safari hii nilitoa daftari na juu ya ukurasa nikaandika jina lake, yote matatu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Leo nafanya kazi na kikundi kidogo cha vitalu huku kwetu. Tunaotesha mukau na kuwauzia wakulima, na wanawake saba wanalipwa kwa kupasua kokwa. Mwaitu ni mmoja wao na ndiye mwepesi kuliko wote. Anaharibu mbegu chache kuliko mimi mwenye shahada. Ni kazi nzuri. Pia ni kazi ya miradi, na mradi ukiisha mshahara unaisha, wenzangu wa NGO mnanielewa. Mwaka juzi nilikaa miezi mitano bila kitu. Nilirudi kula kwa mwaitu, na tulikula makaa. Asubuhi naenda kitaluni kumwagilia miche, jioni namsaidia kuziba matundu ya tanuri. Kazini hakuna aliyejua. Sasa mnajua.

Huchoma mara tatu au nne kwa mwaka siku hizi, muthiia tu, na kisiki urefu wa goti. Nimejaribu kumwonyesha majiko na matanuri ya kisasa, yenye bomba la kutolea moshi. Alilikagua moja kwa muda mrefu, akauliza bei, akalirudishia mwenyewe.

Mwezi uliopita ndugu yangu mdogo alipata fomu. Shule ileile, upande ule wa mlima. Ameijaza kwa simu yangu, akaniomba nimsomee ile sehemu ya kueleza kwa nini unataka nafasi, na nikaona ameandika kwamba anatoka kwenye familia ya wahifadhi wa mazingira. Sikubadilisha.

Usiku tulikuwa jikoni, chai iko kwenye jiko la makaa, mwaitu akauliza nauli ya Tarakea siku hizi ni ngapi.

"Nitalipa mimi," nikasema.

"Nimeuliza tu."

Alimimina chai. Asubuhi nilipoamka kuutazama mlima, nilimkuta ameshatoka, amesimama nyuma ya shamba bila panga, anatazama vichaka.